Patipati ya Kushoto Ndani ya Jua

Watu wakisikia kwamba nimewahi kufanyia kazi programu inayochora picha za majaribio ya nyuklia, kwanza wanaangalia mikono yangu. Mikono yangu ni ya mama fua. Imekauka kwa sabuni na kucha zimeisha. Halafu wanacheka, halafu wanauliza nilisomea wapi. Nilisomea shule ya kutwa, nikamaliza kidato cha nne. Fizikia niliondolewa kidato cha tatu kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja, vitabu vichache, na mwalimu mkuu akaona wasichana watatosheka na biolojia. Sijamsamehe mpaka leo. Nasema mapema ili tusidanganyane: mengi ninayosimulia hapa niliyafanya nikiwa nimekasirika.

Darasa lilikuwa Kawangware, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa. Mimi nakaa Kibera, Laini Saba. Asubuhi nilikuwa nafua kwa watu, mchana napitia nyumbani kumchukua binti yangu wa miaka mitatu kwa jirani, kisha tunaenda kwa miguu. Jirani alikaa naye asubuhi tu. Kuanzia mchana alikuwa akikaanga samaki kando ya reli, na mafuta moto na mtoto wa miaka mitatu havikai pamoja. Baba ya mtoto yuko, lakini yuko kwingine. Tusimpotezee karatasi.

Kwa hivyo mtoto alikuwa akija darasani. Alikaa chini ya meza yangu na vifuniko vyake vya soda, akijipikia. Siku moja akatambaa mpaka ukutani, akaona swichi kubwa nyekundu, akaibonyeza. Kompyuta zote zikazimika. Watu walipiga mayowe kama nyumba inaungua. Kazi ya mchana mzima ilipotea kwa sababu hakuna aliyekuwa amehifadhi, hata mimi. Kesho yake kamati ya ukumbi ikatoa neno: mwezi huu ukiisha, watoto wasiingie tena darasani.

Nilimwendea mwalimu wetu. Alikuwa mama wa makamo aliyeacha kazi ya ofisi mjini akaja kutufundisha bila malipo, na sote tulimwita Madam.

"Madam, hiyo ni kunifukuza mimi. Nani mwingine anakuja na mtoto hapa?"

"Najua."

"Basi wanitaje. Wasiseme 'watoto' kama wamejaa basi."

"Keti kwanza."

"Siketi."

Akaniangalia mpaka nikaketi. Akanieleza kwamba kamati ingekaa tena Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo kila mwanafunzi alitakiwa afanye kazi moja kwenye programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyatumia na kupendekeza marekebisho. Wenyewe wakikubali pendekezo lako, linaingizwa humo na kubaki.

"Ukikubaliwa, nitakuwa na mdomo wa kuongea," Madam akasema. "Nitawaambia tumpe huyu laptopu moja afanyie kazi nyumbani. Usipokubaliwa, mama, niwaambie nini?"

Mambo yalisimama hapo. Kazi ikubaliwe, nibaki. Ikikataliwa, nirudi kwa beseni, na kompyuta niwe naionea kwa madirisha ya maduka.

Madam akabandika ukutani miradi ya kuchagua. Programu za kutuma pesa kwa simu ziliisha kabla hajabandika karatasi ya mwisho. Za mpira zikafuata. Mimi nilikuwa nje, mtoto alikuwa amebanwa na mkojo. Niliporudi ilikuwa imebaki moja: programu ya kuunda upya picha kutoka kwa majaribio ya kuunganisha viini vya atomi.

Tulikuwa na jamaa mmoja wa bodaboda ambaye hakuvua kofia hata Madam akimwomba. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mathe, nyuklia? Unataka kulipua Laini Saba tuhame wote?"

"Nitaanza na pikipiki yako."

"Ai, si ubadilishane na mtu? Hiyo ni ya maprofesa, wacha nikushow."

Angenyamaza, pengine ningebadilishana. Hakunyamaza. Nikaubandua ule mradi ukutani, nikaukunja, nikautia kwenye sidiria.

Mwongozo wake niliusoma tena na tena nikiwa na kamusi ya simu. Nilichoelewa ni hiki. Jua linawaka kwa sababu viini vidogo kabisa vinabanwa mpaka vinaungana, na vikiungana vinatoa nguvu. Kuna watu wanajaribu kulifanya hilo hapa chini, ndani ya mashine yenye umbo la tyubu ya tairi. Ndani ya tyubu wanawasha gesi ambayo moto wake hauna mfano, inaitwa plazma, na wanaishikilia kwa sumaku isiguse kuta. Ukiwa unataka kujua mle ndani kunaendaje, huwezi kuingiza kamera. Itayeyuka. Kwa hivyo wanatia vijicho ukutani. Kila kijicho kinatazama mstari mmoja ulionyooka, na kinatoa nambari moja, jumla ya mwanga wote ulio kwenye mstari huo. Hakikuambii mwanga uko wapi. Kinakupa jumla, basi.

Nilipofika hapo nikasema, kumbe ni ploti yetu.

Simama mwanzo wa korido yetu saa ya chakula cha jioni, uvute pumzi. Utapata harufu moja iliyochanganyika: omena, sukuma, mafuta ya taa, chapati za mtu. Huwezi kufungua milango ya watu kuangalia. Lakini korido zetu zinakatana. Nenda usimame kwa ile inayoikata ya kwanza, uvute tena. Nenda ya tatu. Ukiweka hesabu vizuri kichwani utajua kitunguu kinakaangwa chumba gani bila kugonga mlango hata mmoja. Hakuna mwanamke wa ploti asiyeiweza hesabu hiyo. Ndiyo maana tunajua nani amenunua nyama na mwezi bado uko katikati. Ile programu inafanya umbea huohuo, kwa mwanga, na inaufanya kwa hesabu ndefu kuliko yetu.

Shida ni kwamba vijicho ni vichache na vyumba ni vingi. Picha nyingi tofauti zinaweza kutoa jumla zilezile. Kwa hiyo programu imepewa kanuni ya kuisaidia kuchagua: ichukulie kwamba chumba na jirani yake hawapishani sana. Kanuni hiyo ina kipimo unachoweza kupandisha au kushusha. Ukikishusha sana, picha inakuwa madoadoa kama ukuta wenye ndui. Ukikipandisha sana, inakuambia ploti nzima inakula nusu omena nusu chapati, amani tele, hakuna tajiri hakuna maskini. Picha nzuri ajabu, na ni uongo mtupu. Lazima utafute katikati. Nilikaa na kipimo hicho alasiri nyingi, na nikikipandisha na kukishusha nilikuwa nasahau kukasirika. Nilifurahi, kusema kweli. Kumbe kitu walichoninyima shuleni nilikuwa nakiweza.

Programu kama hiyo unaijaribu kwa kuificha kitu. Unachora umbo lako, unahesabu vijicho vingeona jumla gani, unaipa hizo jumla peke yake, halafu unaangalia kama itakurudishia umbo lako. Mifano yote ya mwongozo ilikuwa duara na pete. Duara zilinichosha. Nikamvua mtoto patipati ya mguu wa kushoto, nikaiweka juu ya karatasi ya miraba, nikaizungushia kalamu, na mbele nikatia alama ya lile tundu la kati ya vidole.

"Mama, kiatu yangu."

"Nangoja jua linirudishie, tulia."

Alitulia kidogo, akaanza kuruka mguu mmoja darasa zima. Mimi nikajaza miraba, ndani moja, nje na kwenye tundu sifuri, nikaandika zote kwenye kompyuta, safu kwa safu, nikianzia juu ya karatasi kushuka chini.

Ikarudi. Kingo zilikuwa zimefifia kama kitu kilicho chini ya maji, lakini ilikuwa patipati, na tundu lake, imetoka kwa nambari tupu. Nilipiga kelele mpaka Madam akaja. Ndipo tukaona imepinduka, vidole vinaangalia chini. Nikasema si neno, nikapiga picha kwa simu, nikaigeuza simu ili vidole viangalie juu. Tundu lilikuwa upande ule mwingine. Nilikuwa nimeficha kiatu cha kushoto, na nilichorudishiwa kilikuwa cha kulia.

Mwenye mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Kila asubuhi huyu wangu anavaa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, namrekebisha, ananuna, nikigeuka anavirudisha vile alivyotaka yeye. Kiatu kilichopinduliwa tu kinabaki cha mguu wake. Hiki kilikuwa kimebadilisha mguu.

Kila programu huria ina ukurasa wa kuripoti makosa, na kila mtu anaweza kuusoma. Niliandika kwa Kiingereza changu cha mtihani. Nikasema programu yenu inadanganya. Nimeipa mguu wa kushoto ikanipa wa kulia. Kama hamjui miguu ya mtoto, mtaaminiwa vipi kuhusu jua? Nikatuma hapohapo, maana nikingoja nipoe huwa situmi.

Jamaa wa bodaboda akalisomea darasa zima kwa sauti ya mtangazaji. "Wasee, mathe ameenda kupigana na wanasayansi juu ya patipati!" Watu wakafa kwa kicheko. Madam peke yake hakucheka.

"Umetukana watu unaowaomba kazi?"

"Sijatukana. Nimeuliza."

"Hilo ni swali?"

"Lina alama ya kuuliza mwishoni, Madam. Angalia."

Jibu lilikuja kesho yake, kutoka kwa mtu anayetunza ile programu. Sijui ni wa nchi gani, sijui ni kijana au mzee. Aliniomba nimtumie umbo langu. Nikamtumia. Akarudi akasema programu yao inahesabu safu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ndivyo wanavyopima urefu ndani ya mashine. Mimi nimehesabu kutoka juu kwenda chini kama mtu anayesoma kitabu. Kwa hiyo nilikuwa nimeigeuza patipati mwenyewe wakati naiandika. Niliisoma sentensi hiyo nikahisi masikio yanaungua. Nilianza kufunga kompyuta.

Lakini chini yake kulikuwa na mengine. Alisema mwongozo wao hauelezi hilo popote. Mifano yao yote ni duara, na duara ukilipindua linabaki duara, kwa hiyo anayekosea hawezi kujua. Akauliza: ungependa kuandika aya ya kueleza, na kutuwekea umbo lako miongoni mwa majaribio yetu, ili mtu akichanganya juu na chini aumbuke mara moja?

Ningependa! Niliandika ile aya nikaifuta mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika insha. Nikaipanga ile patipati kama jaribio, nikatuma yote kwa pamoja, nikaanza kungoja. Jumapili ya kamati ilikuwa imebakiza wiki moja na ushei. Nilikuwa nafua nikiimba.

Sasa hapa nieleze kosa letu, na ni kosa ambalo lingefanywa na sisi tu.

Ploti yetu ina mita moja ya stima. Choo kimoja, bomba moja, mita moja. Mmoja akichomeka koili kupika maharagwe, wote tunaingia gizani, na tunamtafuta mlango kwa mlango. Tumeishi hivyo mpaka tunaona ni maumbile ya dunia. Kwa hiyo Madam alipotufungulia akaunti moja ya darasa, kwa barua pepe yake, wote tuingie kwa hiyo, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nani afungue akaunti ya peke yake? Ana nini cha kuficha? Kila kazi ya kila mtu ilitoka kwa jina hilo moja.

Na jamaa wa kofia alikuwa amechomeka koili.

Mradi wake wa mpira ulikuwa umemshinda. Akaamua kufanya kama mtu anayesambaza vyeti vya kuomba kazi: unaacha kila geti, utaitwa na mmoja. Akapita kwenye miradi chungu nzima, hapa anaongeza koma, pale anabadilisha "hello" kuwa "hi", anatuma, anaenda mwingine. Wenye mtandao unaohifadhi miradi hiyo yote wakaona akaunti moja inamwaga takataka kila mahali, wakaifunga. Na ikifungwa, vyote vilivyotumwa nayo vinafichwa. Nilifika mchana nikitarajia jibu, nikakuta kazi yangu haionekani. Ukurasa mweupe.

"Ni nani?" nikauliza.

Kofia ikashuka kufunika macho.

"Wewe ni mjinga ama unajifanya?"

"Mathe, tulia, tulia. Nilikuwa najitafutia tu."

"Ulijitafutia kwa jina langu!"

"Jina lako gani? Akaunti ni ya darasa."

Na alikuwa amesema kweli, ndiyo maana nilitaka kumrushia kibodi. Mtoto akaanza kulia kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Madam akaja katikati yetu.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Mimi ndiye nilifungua moja. Niliona nawarahisishia."

"Sasa tunafanya nini, Madam? Kamati ni wiki ijayo."

"Unajua barua pepe ya yule mtu?"

Ilikuwa mwishoni mwa mwongozo. Nilimwandikia kwa simu yangu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi, mtoto mapajani. Safari hii nilijishikilia. Nikamwambia ukweli: yule mtu mliyekuwa mkizungumza naye si mtu mmoja. Sisi ni darasa zima. Aliyewauliza juu ya patipati ni mimi, mama wa mtoto mwenye patipati. Aliyemwaga koma duniani kote ni mwingine, na amejuta. Kazi yangu ipo, mlango ndio umefungwa.

Alijibu kwamba afadhali, maana alikuwa akishangaa mtu mmoja anawezaje kunguruma Jumatatu na kumwaga koma duniani kote Jumanne. Akasema nifungue akaunti yangu mwenyewe, nitume upya. Madam akanitumia mafaili kwa simu. Nikafungua akaunti. Mahali pa jina niliweka langu, lote, mpaka la baba.

Nikatuma. Nikangoja. Ijumaa likaja jibu, na halikuwa la kukubali. Lilisema kazi ni nzuri, lakini patipati ni kubwa mno, miraba mingi, na jaribio linachelewesha kila kitu. Je, naweza kuipunguza bila kupoteza tofauti ya kushoto na kulia?

Niliipunguza Jumamosi, uani kwa mwajiri wangu, mashuka yakiwa yamelowekwa. Ukipunguza miraba, tundu linapotea. Ukiliacha tundu, umbo linakuwa kama ngumi. Nilichora kwa kijiti chenye maji kwenye zege kavu, jua likanifutia, nikachora tena. Mwenye nyumba akatoka, akanikuta na simu mkononi.

"Unachat wakati wa kazi?"

"Mashuka yanakunywa sabuni, mama. Yakishiba nitaendelea."

Nikatuma kabla ya kuanika.

Jumapili ibada ilipoisha kamati ikakaa ukumbini. Mwenyekiti alikuwa fundi wa makochi, mzee mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Bwana. Kulikuwa na wazee wengine wawili na mama mmoja wa mitumba. Mimi nilikuja na mtoto makusudi. Simu nilikuwa nimeiangalia mpaka chaji ikabaki kidogo. Hakuna kilichokuwa kimeingia.

"Kazi yako imekubaliwa?" mwenyekiti akauliza.

Madam akawahi. "Iko karibu sana, mzee. Ni kama tayari."

Alikuwa amenifungulia mlango, naona. Ningeitikia tu kwa kichwa. Lakini nimedanganywa na watu wengi wenye "ni kama tayari" maishani mwangu, na mmoja wao nimezaa naye.

"Bado," nikasema. "Haijakubaliwa. Wameniambia nipunguze, nimepunguza jana, hawajajibu."

Madam akaangalia sakafu.

"Na hii kazi yenyewe ni ya nini?" mwenyekiti akauliza. "Nimesikia ni mambo ya nyuklia, halafu nikasikia ni patipati. Nikashindwa kuunganisha."

Nikamweleza. Nikaanza na jua, nikaingia kwenye tyubu ya tairi, nikafika korido zetu na harufu ya kitunguu. Mama wa mitumba akapiga makofi. "Mimi hiyo naijua! Kwetu kuna mmoja anapika nyama kwa madirisha yamefungwa, anafikiri hatujui!" Wazee wakacheka. Mwenyekiti akafikiri sana.

"Na hiyo stima ya jua itafika Kawangware lini?"

"Sijui, mzee. Labda nikiwa shosho, nina wajukuu. Labda isifike. Lakini wanaoitafuta wanahitaji kuona ndani, na mimi nimewapunguzia mahali pamoja pa kukosea."

"Laptopu haitoki hapa," akasema. "Hilo nisikufiche. Ikiibiwa Laini Saba nitaenda kumuuliza nani?"

Damu ikapanda. "Kwani Kawangware wezi waliokoka lini?"

"Mama!" Madam akanifinya.

Lakini mama wa mitumba ndiye aliyekuwa amesimama, anaenda ukutani. Akainama, akaonyesha ile swichi nyekundu. Ilimfika magotini.

"Nani aliweka hii hapa chini? Tumemfukuza mtoto kwa kosa la fundi wa stima. Ipandishwe, mtoto arudi, tumalize, nina wateja."

Walibishana kidogo juu ya nani angelipa fundi, kisha mwenyekiti akasema yeye ana kijana wake wa karakana anayejua nyaya. Swichi ipandishwe. Mtoto aje. Mimi niendelee mpaka jibu langu litoke, na jibu likiwa zuri, niendelee moja kwa moja. Si nilichoomba. Niliondoka nimenuna, na nilipofika Ngong Road nikagundua kwamba natabasamu, watu wanapishana nami wakiangalia.

Jibu lilikuja Jumanne, darasani. Neno moja lenye maana kwamba kazi yangu imeunganishwa na programu yao, na chini yake shukrani fupi. Sikupiga kelele. Nilimwita Madam nikamwonyesha kidole kwenye kioo. Jamaa wa bodaboda akachungulia juu ya bega langu, akasoma, na safari hiyo hakuigiza mtangazaji.

"Imeingia? Kabisa?"

"Kabisa."

"Manze." Akavua kofia. Kumbe alikuwa ameanza kupata upara. "Sasa mimi nifungue akaunti yangu aje?"

Nikamvutia kiti. Nilimtukana kidogo kwanza, halafu nikamwonyesha.

Wiki iliyofuata yule mtunzaji akanielekeza mahali ambapo wameweka wazi nambari za jaribio la kweli, zilizotoka kwenye mashine yenyewe. Darasa likachanga bando, tukazipakua. Nilipandisha kipimo, nikakishusha, nikakipandisha tena kidogo. Ikatokea pete nyembamba yenye mwanga, imenenepa upande wa ndani, na pale chini ina ncha inayong'aa kama kaa la moto ukilipulizia. Hakuna binadamu aliyewahi kuliona hilo kwa macho yake. Tulisimama wote nyuma ya kiti changu, tukaitazama. Na mimi nikamkumbuka mwalimu mkuu wangu, nikamtakia mambo ambayo siwezi kuandika hapa, halafu nikarudi kuangalia pete.

Sasa hivi darasani kuna akina mama wengine wawili, mmoja ana mapacha. Watoto wamekuwa wanne kwenye mkeka, na mlango wa ukumbi unafungukia njia ya pikipiki. Nimemwomba mwenyekiti atutengenezee kigeti kifupi cha mbao, yeye si fundi? Amesema suala hilo lazima lipitie kamati. Nimemwambia sawa, lipitie, na mimi nitakuwepo.